Naenda India mara ya kwanza kutokea Mtwara, naombeni mwongozo

binti_wa_newala

Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Niko Mtwara mjini ila kwetu Newala. Nafanya kazi kwenye kikundi cha ubanguaji korosho, mashine zetu ndogo ndogo tu na kina mama wengi bado wanabangua kwa mkono. Sasa kuna kiwanda kimoja huko Kollam, jimbo la Kerala kusini mwa India, wamekubali kupokea mtu mmoja kutoka kwetu akae wiki tatu ajifunze kupanga korosho kwa madaraja ya ubora na kupunguza zinazovunjika, na kikundi kimenichagua mimi. Safari ni mwezi wa saba, kwa hiyo msimu wa mnada ukifunguliwa ntakuwa nimesharudi.

Nje ya nchi sijawahi kukanyaga, ukitoa kuitazama Msumbiji kwa macho nikiwa upande wetu wa Ruvuma. Kupanda ndege sijawahi. Kingereza changu cha kuombea maji. Mama yangu tangu asikie halali, kila jioni ananiuliza eti ukifika huko nani anakupokea, na mimi jibu sina.

Naombeni wenye uzoefu mnisaidie, nianze na kipi? Pasi ya kusafiria sina ila NIDA na cheti cha kuzaliwa ninavyo. Hela nibebe vipi? Chakula itakuwaje, mimi muislamu navaa hijabu. Na mtu akifika usiku mji asioujua anafanyaje? Wale wa kuniambia "utazoea tu" naomba wapite kimya kimya, nataka vitu vya kufanya.

kopa_la_muhogo

Hongera sana dada. La kwanza kabisa usibebe korosho kupeleka Kollam, watakucheka mpaka urudi, kule ndo kwenyewe na zingine wanazobangua zinatoka huku huku kwetu 😂

Haya tuje kwenye kazi. Anza na pasi leo, sio kesho. Fomu inajazwa mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji, unapata namba ya malipo, alafu unapeleka karatasi zako ofisi ya mkoa hapo hapo Mtwara unachukuliwa picha na alama za vidole. Gharama jumla ni 150,000. Beba na barua ya mwaliko kutoka kiwandani maana watakuuliza unaenda wapi kufanya nini. Kitu cha kuangalia sana ni MAJINA. Sisi huku mtu cheti cha kuzaliwa kina Halima, NIDA ina Halma, shuleni alikuwa anaitwa jina la babu, sasa hayo yote yasawazishe kabla ya pasi, na tiketi ikatwe kwa herufi zile zile za kwenye pasi. Herufi moja tu ikipishana unaweza kuzuiwa pale kaunta na hakuna wa kumlilia.

Viza ya India kwa Mtanzania inaombwa mtandaoni huhitaji kwenda ubalozini. Ila kuwa makini, ukitafuta kwenye intaneti zinakuja tovuti kibao zimejipamba bendera ya India na zote zinataka hela, ya serikali yao inaishia na gov.in, nyingine zote achana nazo. Na waulize waliokualika ni viza ya aina gani inafaa kwa mafunzo yako, usije ukaomba ya utalii kwa sababu jirani yako aliomba hiyo, ukifika pale ofisa anakuuliza umekuja kufanya nini unasema kujifunza kiwandani, hapo umeshajichanganya. Ikishatoka iprinti. Sio kwenye simu tu, iprinti nakala mbili moja ikae kwenye begi la mkononi nyingine begi kubwa. Siku hizi kuna na fomu ya kuwasili unaijaza mtandaoni siku tatu za mwisho kabla hujafika, hiyo haina malipo, akikwambia mtu ulipie huyo ni mwizi.

mama_wa_shangani

Mwanangu marahaba, na hongera. Mimi nilimpeleka kaka yangu India kutibiwa kwa hiyo ntakwambia ya kwangu kama mama.

Chanjo ya homa ya manjano kachome mapema, kile kikadi cha njano kinaanza kuhesabika siku kumi baada ya sindano na ukishachoma mara moja ni maisha yako yote, sio tena ile ya kurudia kila miaka kumi. Usinunue kadi mtaani bila kuchomwa, wapo wanaouza. India wanaiulizia hasa kwa anayetokea au kupita nchi zenye ugonjwa, sasa tiketi yako ikipitia Addis Ababa au Nairobi utaulizwa wewe.

Pili hili watu hawalisemi. Sisi watu wa kusini malaria tunatembea nayo. Ukifika kule ukapata homa ndani ya hizo wiki tatu usiseme ni uchovu wa safari au baridi ya AC. Nenda hospitali mwambie daktari neno la kwanza NATOKEA TANZANIA, NATAKA KIPIMO CHA MALARIA, kwa sababu kule Kerala daktari anaweza kufikiria dengi au mafua ya mvua kabla hajafikiria malaria, na hii ya kwetu haisubiri. Liandike kwa Kingereza kwenye karatasi uweke kwenye pochi pamoja na namba ya mwenyeji wako.

Dawa zako kama unatumia zozote beba kwenye paketi zake na karatasi ya daktari. Ukipitia Dubai au Doha dawa za maumivu kali kama tramadol na zenye codeine ni kesi, hata kama hapa ulipewa hospitali.

Na mzigo wa mtu USIBEBE. Hata awe shangazi, hata awe mume wa dada yako, hata iwe "kifurushi kidogo tu cha dawa za kienyeji kuna mtu atakupokea". Wasichana wetu wangapi wamekaa magereza ya nje kwa kubebeshwa. Begi lako ulipange mwenyewe, ulifunge mwenyewe, usiliondoe machoni.

mkweche_mzima

Mnamtisha mtoto wa watu bure. Dada chukua dola zako weka kwenye mkanda wa kiunoni nenda, kadi za benki ni usumbufu tu zitagoma huko huko. Mimi nimeenda China na hela mfukoni nimerudi salama.

kopa_la_muhogo

@mkweche_mzima China yako haimsaidii, na hela yote kiunoni ikipotea imepotea yote. Agawe. Kadi ya benki anaenda tawini anawaambia nasafiri India tarehe hizi, waifungulie matumizi ya nje na mtandaoni, alafu anaijaribu hapa hapa kabla ya kuondoka. Dola ziwe mpya mpya, zisizochanika wala kuandikwa kalamu, zile za zamani zenye vichwa vidogo wabadilishaji wengi hawazitaki. Akibeba zaidi ya dola 5,000 taslimu anatakiwa azitangaze forodha ya India akiingia, ila nadhani kikundi cha Newala hakijafika huko bado 😅

Rupia usitafute hapa bongo, utabadilisha kule. Na mtu asikuuzie noti za rupia 2,000 eti zimebaki za safari yake, zile waliziondoa kwenye mzunguko 2023, kubwa sasa ni 500.

mtoto_wa_mikindani

Dada mimi nasoma huku huku Kerala, Trivandrum, jina refu wanaandika Thiruvananthapuram na kwenye tiketi utaliona hilo refu. Mwambie anayekukatia tiketi uteremkie hapa sio Kochi. Kochi pia ni Kerala ila uwanja wake uko mbali na Kollam, kwa barabara hizi ni masaa manne na zaidi, wakati kutoka Trivandrum ni kama kilomita 70 tu, treni lisaa limoja na kidogo unashuka Kollam Junction.

Sasa sikiliza kuhusu kufika, maana ndo swali la mama yako. Ndege nyingi za kutoka Uarabuni zinatua hapa usiku wa manane. Uhamiaji watakuchukua alama za vidole na picha, watakuuliza umekuja kufanya nini, unakaa wapi, unarudi lini. Jibu kwa kifupi hivyo hivyo, onesha barua ya mwaliko na tiketi ya kurudi, usianze kuhadithia. Begi ukishachukua USITOKE NJE kama aliyekuja kukupokea hujamuona au hajapokea simu. Viwanja vya India ukishavuka ule mlango wa nje hurudi ndani, askari amekaa pale anataka tiketi na pasi, kwa hiyo hata mwenyeji wako atakusubiria nje kwenye vyuma ameshika karatasi yenye jina lako. Asipoonekana kaa ndani mpaka kupambazuke, kuna viti kuna choo kuna chai. Kukipambazuka kuna kaunta ya teksi za kulipia kabla, unalipa pale unapewa risiti yenye namba ya gari, unampa dereva mwisho wa safari. Usimfuate mtu anayekuita "sister sister taxi".

Laini ya simu ya huku inataka pasi, viza na picha, inaweza kuchukua muda mpaka iwashwe, kwa hiyo saa za kwanza usizitegemee kwa intaneti. Ramani ya Trivandrum na Kollam ishushe kwenye simu ukiwa bado Mtwara. Na mwambie mama ukiwa Dubai simu za wasap hazipigiki, ni meseji tu, asije akadhani umetekwa.

Chakula ndo hapo utacheka. Kerala wanakula muhogo wa kuchemsha na mchuzi wa samaki, yaani kabisa, muhogo mweupe umepondwa pondwa na mchuzi mwekundu umekolea ukwaju wao mweusi na pilipili, na kila kitu kina nazi. Wali wao mnene punje kubwa zina wekundu. Waislamu ni zaidi ya robo ya watu wa jimbo hili, hijabu mtaani ni kitu cha kawaida na migahawa ya halali imejaa, hata nyama ya ng'ombe inauzwa tofauti na majimbo mengi ya kaskazini. Hotelini utaletewa maji ya vuguvugu yana rangi ya pinki, usishtuke, yamechemshwa na vipande vya mti, hayo bora kuliko ya bombani. Ukiyaogopa nunua ya chupa angalia kizibo hakijafunguliwa. Kula kwa mkono wa kulia kama nyumbani.

Mwezi wa saba ni katikati ya masika yao, mvua ya huku inaanza mwezi wa sita na haina utani. Mwamvuli imara, ndala za kamba, na nguo nyepesi zinazokauka haraka. Joto utaliona la kawaida tu.

binti_wa_newala

Mungu awabariki jamani, mama nimemsomea hii ya kusubiri ndani mpaka kupambazuke kidogo amepumua. @mtoto_wa_mikindani na lugha je? Hindi sijui hata moja zaidi ya za kwenye filamu. Alafu tiketi wamenitumia ya kupitia Muscat, imeandikwa kuondoka Dar 03:55 tarehe 12, hiyo ni saa ngapi kwa kweli? Kikundi wanasema niondoke Mtwara tarehe 11 kwa basi la asubuhi. Mkoba wangu una kilo ngapi pia sijui, naruhusiwa ngapi.

mtoto_wa_mikindani

Hindi ya filamu iache, huku wanaongea Kimalayalam na wengi Hindi yenyewe hawaipendi sana. Kingereza kinasaidia, na wafanyakazi wa viwandani utaelewana nao kwa mikono. Kichwa ndo uzoee: mtu ukimuuliza "treni ya Kollam ni hii?" anatikisa kichwa kulia kushoto kama anakataa vile, kumbe amekubali. Ukiwa huna uhakika uliza wa pili.

Bajaji zipo kila kona, kubaliana bei kabla hujakaa au mwambie awashe mita. Uber na Ola zinapatikana Trivandrum ukishapata laini. Dukani wenzetu wanalipa kwa kuskani simu hata muuza chai, mgeni mara nyingi huna hiyo kwa hiyo tembea na noti ndogo ndogo, ya 500 kwa chai ya rupia chache utamkera mtu asubuhi. Saa yao iko mbele ya yetu masaa mawili na NUSU, hiyo nusu usiisahau. Chaji ya simu hapa ni matundu ya duara, soketi zetu za pini tatu za mraba haziingii, nunua adapta Dar. Treni ukipanda peke yako kuna behewa la wanawake, panda hilo. Namba ya dharura ni 112.

mzee_wa_feri

Binti hapo kwenye saa nisikilize vizuri sana maana hapa ndipo watu wanaachwa. Tiketi inahesabu masaa 24 na siku yao inaanza saa sita usiku. 03:55 tarehe 12 maana yake ni saa kumi kasoro dakika tano za usiku wa KUAMKIA tarehe 12. Yaani tarehe 11 jioni ukishakula, hulali, unaenda uwanjani, saa saba usiku uwe umeshapanga foleni jengo la tatu pale uwanja wa Nyerere. Ukisubiri usiku wa tarehe 12 ufike, ndege imeshakwenda na kurudi.

Sasa hao wa kikundi wanaotaka uondoke Mtwara tarehe 11 asubuhi kwa basi wanakupeleka pabaya. Basi linaingia Mbagala jioni kama njia ni nzuri. Kama njia ni nzuri nasema. Mwaka 2024 mwezi wa tano barabara ilikatika upande wa Somanga magari yakakwama, na mvua au lori lililolala katikati ya njia halijui wewe una ndege. Ondoka tarehe 9, lala kwa ndugu Dar siku mbili, nunua hiyo adapta, badilisha hela, pumzika. Au kama kikundi kina uwezo upande ndege hapo Mtwara tarehe 10, ila hizo nazo huwa zinaahirishwa kwa hiyo usiipangie siku ile ile.

mama_wa_shangani

Sahihi kabisa baba. Na kilo mwanangu zimeandikwa kwenye tiketi, mara nyingi ni 23 au 30 inategemea shirika, na la mkononi 7. Nenda kapime begi kwenye mizani ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kabla hujasafiri, pale kaunta kilo zikizidi unalipa kwa dola. Power bank iwe begi la mkononi, ya kwenye begi la chini wanaitoa. Mafuta na losheni mkononi zisizidi mililita 100 kila chupa. Ukipenda kurudi na zawadi usiweke nazi kavu, kwenye ndege hawazitaki maana zina mafuta zinashika moto.

Kwenye ndege mtu akikuletea karatasi au akikuuliza usichoelewa sema tu hujaelewa, wale wahudumu wamezoea wageni. Vitambaa vya dera na kanga beba viwili vitatu, kanga inasaidia kila mahali, shuka, taulo, mswala.

mkweche_mzima

Basi sawa nimekubali kuhusu kadi. Ila dada na mimi niongezee moja la maana. Mtu yeyote wa kiwandani akikuomba umwachie pasi yako "kwa ajili ya usalama" usimpe. Nakala sawa, ya hotelini sawa kwa sababu wanasajili wageni wanapiga kopi mbele yako wanakurudishia hapo hapo. Yenyewe haikai kwa mtu. Ubalozi wetu uko New Delhi, ni mbali sana na huko kusini, ukipoteza pasi ni msalaba. Piga picha ya ukurasa wa mbele na viza jitumie kwenye imeili yako.

binti_wa_newala

Hiyo ya pasi imeniingia, ahsante kaka. Baba mzee wa feri nimeongea na mwenyekiti wa kikundi jioni hii, kaguna kwanza kwa sababu ya posho ya siku mbili za Dar, nikamsomea hiyo ya Somanga akanyamaza, akakubali niondoke tarehe 9. Pasi naenda Uhamiaji Jumatatu, jina langu kwenye cheti lina herufi imezidi kweli, sasa ndo nimeona.

Swali la mwisho. Nimewaomba wa Kollam anuani ya nitakapolala wamenitumia mstari mmoja tu wenye jina la kiwanda na neno "guest house". Inatosha?

mtoto_wa_mikindani

Haitoshi hata kidogo. Hiyo anuani utaijaza kwenye fomu ya viza, kwenye ya kuwasili, na ofisa atakuuliza. Waandikie tena wakupe jina la mtaa, namba ya posta tarakimu sita, jina na simu ya mtu mmoja anayepokea usiku, na waiandike anuani hiyo hiyo mara mbili, Kingereza na Kimalayalam. Ile ya Kimalayalam iprinti kwa herufi kubwa, huna haja ya kuisoma, unamuonesha dereva anapiga simu mwenyewe anaelekezwa. Na namba yangu nakutumia inbox, uwanja wa ndege hauko mbali na ninapokaa.

binti_wa_newala

Nimewaandikia sasa hivi. Na inbox nimeiona kaka, mama anasema anataka kuongea na wewe kwanza 😄

mtoto_wa_mikindani

Anipigie tu, ila baada ya saa kumi na mbili jioni ya huko, nakuwa nimetoka darasani na chakula cha usiku nimeshamaliza.